Enka iliyoteguka: maumivu yakiisha, kazi bado

Bonanza la Jumamosi likiisha, Jumatatu kliniki tunapokea wanaochechemea. Kiangazi cha Dodoma ndicho kibaya zaidi, uwanja unapokauka na kubaki mashimo matupu.

Kinachoumia mara nyingi ni kano (nyuzi ngumu zinazoshikanisha mifupa) za upande wa nje wa enka, unyayo unapopinda kwa ndani. Wengi hufika kwetu mguu umeshachuliwa kwa dawa ya moto na kuvutwa "urudi mahali pake". Kwa kawaida hakuna kilichotoka mahali pake. Kano imevutika au kuchanika, na kuichua kwa nguvu siku za mwanzo kunaongeza uvimbe. Funga bandeji ya kuvutika, inua mguu juu ya mto, weka barafu iliyoviringishwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hivi, kisha itoe.

Ukishindwa kupiga hatua nne hata kwa kuchechemea, au ukibonyeza nundu za mfupa za enka, hasa kwa nyuma, ukasikia maumivu makali, nenda upigwe eksirei kwanza.

Kama mfupa uko salama, usiulaze tu mguu wiki nzima. Anza mapema kuuchezesha juu na chini, na ukanyagie kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Sehemu inayorukwa na karibu kila mtu ni mazoezi ya mizani, yaani ya kusimama bila kuyumba. Ndani ya kano mna vihisi vinavyoujulisha ubongo mguu umekaaje. Zikichanika, taarifa hizo huvurugika na misuli ya pembeni mwa muundi huchelewa kuitika. Ndiyo maana mtu asiyesikia tena maumivu anateguka upya kwa kushuka tu kwenye bajaji!

Simama kwa mguu ulioumia karibu na ukuta, sekunde 30. Goti lilegee kidogo, vidole visikunjane kung'ang'ania sakafu. Kukunja vidole ni ujanja tunaouona kila siku. Ukizoea, fumba macho. Baadaye mwenzako akurushie mpira ukiwa umesimama hivyo hivyo. Endelea hata wiki 6, ingawa mguu utakuwa "umepona" zamani.

Kabla ya kurudi mechini, ruka kwa mguu huo mmoja mbele na pembeni, kimbia, kata kona kwa kasi. Ukijiona unasita kuutumia, bado hujawa tayari. Sapoti ya enka inasaidia aliyewahi kuteguka. Ivae mechini, lakini mazoezi usiyaache.