Mtoto wa siko seli akipata homa: maswali ninayoulizwa kila kliniki

Nimeuguza kwenye kliniki ya siko seli huku Kanda ya Ziwa muda mrefu, hata watoto niliowapokea wakiwa mgongoni mwa mama zao leo wananipa shikamoo kwa sauti nzito. Wapo ambao hawakufika huko. Wengi wao hawakuuawa na yale maumivu ya mifupa ambayo kila mtu anayaogopa. Waliondoka na homa iliyoanza jioni, nyumbani wakasema tuangalie mpaka asubuhi.

Siko seli ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa Kiswahili cha vitabuni selimundu. Chembe nyekundu za mtoto, badala ya kuwa za duara na laini, hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na hufa mapema. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya kwake huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo maana damu yake iko chini kila mara na macho yana umanjano. Aliyerithi jeni ya ugonjwa huu, yaani kirithishi chake, kwa baba na kwa mama ni SS, na huyo ndiye mgonjwa. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu ni AS: amebeba jeni, lakini haugui.

Nimeambiwa mwenye siko seli hapati malaria. Ni kweli?

Si kweli. Mtoto wa SS anapata malaria, na ikimpata inamuumiza kuliko mtoto mwingine, kwa sababu damu yake ni kidogo tangu mwanzo na malaria inakuja kuimaliza. Nasikia maneno haya kila wiki, mara nyingine kutoka kwa watu waliosoma. Chandarua kinahamishiwa kwa wadogo zake, eti yeye ana kinga. Naomba, kama ni chandarua kimoja tu nyumbani, huyu asikikose.

Basi maneno hayo yametoka wapi?

Yametoka kwenye ukweli uliokatwa nusu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza kuwa jeni ya siko seli imejaa kwa watu wa maeneo yenye malaria nyingi, kama pwani ya Kenya na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni adimu kwa watu wa nyanda za juu zenye baridi. Aligundua kuwa wanaobeba jeni moja, yaani AS, wanakingwa wasipate malaria kali. Kijidudu cha malaria kikiingia kwenye chembe yao, chembe inajikunja na mwili unaiondoa mapema pamoja na mgeni wake. Kwa vizazi vingi mbu wa bondeni alikuwa anawachagua watu hawa waishi, na jeni ikazidi kuenea. Kwa hiyo kinga ipo, lakini ni ya AS. Mtoto wa SS asiitegemee hata kidogo.

Nitajuaje wangu ni AS au SS?

Uliza umepimwa kipimo gani. Kile cha zamani cha kuangalia kwenye kioo cha darubini kama chembe zinajikunja hakitofautishi AS na SS, na kwa kichanga chini ya miezi 6 kinaweza kusema hana kumbe anao. Nimekutana na wazazi waliotembea na karatasi hiyo miaka 3 wakiamini mtoto ni AS. Dai kipimo cha kutambua aina ya himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, na matokeo yaandikwe kwenye kadi kwa herufi kubwa.

Ana homa lakini anacheza na uji amekunywa. Si nisubiri asubuhi?

Hapana, usisubiri asubuhi. Bandama ndiyo inayochuja bakteria kwenye damu, na ya mtoto wa SS huharibika mapema, mara nyingi kabla hajafikisha miaka 5. Bakteria wa nimonia akiingia kwenye damu yake hakuna wa kumzuia. Mtoto aliyekuwa anacheza saa mbili usiku anaweza kuwa hajitambui alfajiri. Kipimajoto kikisoma nyuzi 38 au zaidi, au mkono wako tu ukikuambia anachemka, ondoka saa hiyo hiyo.

Nimempa panadol, homa ikashuka.

Panadol imeshusha joto. Bakteria yupo palepale. Mpe panadol mkiwa njiani, sawa, ila isiwe sababu ya kurudi kulala. Na ile dawa mseto ya malaria iliyobaki ya mtoto wa jirani iache kabatini.

Duka la dawa walimpima malaria, hana.

Basi mlete haraka zaidi, maana homa ina sababu nyingine na inaweza kuwa hiyo ya bakteria. Akiwa na malaria, mlete pia. Mnaona jibu langu halibadiliki: mtoto wa SS mwenye homa haangaliwi nyumbani.

Bibi anasema tumbo limevimba, ni bandama, akachanjwe chale.

Bibi ameona sawasawa, ni bandama. Tiba ndiyo amekosea. Kuna wakati bandama inavuta damu nyingi kwa ghafla na kuifungia ndani yake. Mama mmoja alifika saa kumi alfajiri, mtoto amevalishwa masweta mawili, chini ya mbavu za kushoto chale mbichi zimepakwa majivu. Nilifunua kope, ndani kweupe kama karatasi. Kipimo cha wingi wa damu kilisoma 3, chini mno. Siku mbili zilikuwa zimepotea kwa mganga. Huyo tulimwahi, akaongezewa damu.

Tangu hapo kila mama namfundisha kwa mikono yake. Mlaze mtoto chali, apinde magoti. Anzia karibu na kitovu, panda taratibu kwa ncha za vidole kuelekea mbavu za kushoto. Ukigusa kitu kigumu, jua kimefika wapi na ukumbuke. Siku ukikuta kimeshuka ghafla, na viganja vyake vimepauka, usimalize hata kupika.

Mtoto wa miezi 8 amevimba vidole vya mikono na miguu. Amerogwa?

Hajarogwa. Mara nyingi hii ndiyo dalili ya kwanza kabisa ya ugonjwa. Apimwe.

Dawa za kila siku ni lazima hata akiwa mzima?

Ndiyo. Penisilini asubuhi na jioni mpaka angalau atimize miaka 5, foliki asidi, dawa ya kuzuia malaria aliyoandikiwa, chanjo zote, maji mengi, na baridi isimpige. Haidroksiyurea, dawa inayopunguza kujikunja kwa chembe, nayo uiulize kwa daktari. Utafiti uliochapishwa 2019, uliowahusu watoto 606 wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kuwa walipoitumia maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, hata malaria ikapungua. Inataka kupimwa damu mara kwa mara, kwa hiyo usiinunue kienyeji.

Mume wangu anasema ugonjwa huu umetoka kwetu.

Mwambie kwamba mwuguzi amekataa. Mtoto hawi SS bila jeni ya baba. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina robo ya uwezekano wa kuzaa SS, na hesabu inaanza upya kila mimba. Kupata mmoja hakuwapi kinga watatu wanaofuata. Njooni wote wawili mpimwe, mniulize yote mliyonayo.

Ikitokea usiku, nikifika mapokezi nisemeje?

Nauli ya bodaboda iwe imetengwa siku zote, na kadi ikae karibu na mlango. Ukifika usikae kwenye benchi. Inua kadi, sema kwa sauti wasikie: "Mtoto huyu ana siko seli, SS, na ana homa." Wakikwambia subiri foleni, rudia maneno hayo hayo. Tukisikia hivyo tunajua cha kufanya: damu inachukuliwa kwa vipimo na sindano ya antibiotiki inaanza kabla majibu hayajatoka.