Nusu wasichana, nusu wavulana, lakini kamera iko kwa nani?

Muhula ukifika katikati, makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa filamu na mawasiliano, kuanzia Maseno hadi Njoro nchini Kenya, hujaa matangazo ya kutafuta watu wa kutengeneza filamu fupi. Siku hizi mengi huongeza: "wasichana mnakaribishwa sana." Nia ni njema. Tatizo ni yale ambayo aliyeandika tangazo anayaamini.

"Tuko kumi, wasichana watano, basi tuko sawa"

Hii huwadanganya wengi kwa sababu hesabu yenyewe haina kosa. Hebu isome orodha tena, ukitazama kazi badala ya majina. Mara nyingi utakuta wasichana wako kwenye vipodozi, mavazi, mwendelezo (kuhakikisha mambo hayabadiliki kati ya tukio na tukio) na chakula, na wavulana wameshika kamera, taa, sauti na uhariri. Si kwamba kazi hizo za kwanza ni duni. Mtu wa mwendelezo akizubaa, mhusika ataingia mlangoni na leso ya kijani atokee upande wa pili na ya manjano, na hapo mhariri hana la kufanya. Ila filamu ya chuoni ndiyo inayompa mwanafunzi kitu cha kuonyesha anapokwenda kuomba kazi, na aliyepaka watu poda katika filamu nne haitwi kushika kamera katika filamu ya tano.

Kwa hiyo anza kugawa idara kabla ya kuhesabu vichwa. Msichana akipewa kamera, msaidizi wake awe mvulana. Kwenye sauti geuza. Mvulana mmoja apewe mwendelezo, walau ajifunze kutazama. Kikosi cha kumi chenye wasichana wanne, mmoja mpigapicha mkuu na mwingine mwongozaji msaidizi mwenye ratiba mkononi, mimi nakihesabu kuwa na usawa kuliko kile cha watano kwa watano.

"Katiba imesema theluthi"

Kifungu cha 27(8) cha Katiba ya 2010 kinaitaka dola ichukue hatua ili wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Hakikuandikiwa wanafunzi wanane wanaorekodi ufukweni Dunga, Kisumu. Anayekitaja kwenye kikao chenu huwa anatafuta idadi ndogo kabisa ya wasichana atakayoruhusiwa.

"Vifaa ni vizito"

Kamera ndogo wanazoazima wanafunzi wengi, pamoja na lenzi, kwa kawaida hazifiki kilo 2. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20, na huko Nyakach kila mtu anajua ni nani huubeba. Kinachochosha kweli ni fimbo ya maikrofoni. Ni nyepesi, lakini ishike juu ya kichwa dakika chache tu uone mikono inavyotetemeka, uwe nani. Dawa yake ni kupokezana.

Historia nayo haikubaliani na hoja ya uzito. Tuzo za Oscar zilianza kutolewa mwaka 1929, na tangu mwanzo upigaji picha ulikuwa na tuzo yake. Mwanamke wa kwanza kuteuliwa kuiwania, Rachel Morrison, alisubiriwa hadi 2018. Ilhali enzi za filamu bubu, wanawake walikuwa wengi kwenye uhariri wa Hollywood, kwa kuwa kukata na kuunganisha ukanda kulionekana kama ushonaji. Ni mazoea yaliyoamua nani ashike nini.

"Wenye ujuzi hawapatikani"

Kenya? Anne Mungai aliongoza filamu ya *Saikati* mwaka 1992. Wakafuata kina Judy Kibinge na Wanuri Kahiu. Lupita Nyong'o, ambaye Kisumu humwita binti yao, alifanya kazi nyuma ya kamera na akaongoza filamu ya hali halisi kuhusu watu wenye ualbino kabla ya ulimwengu kumjua kama mwigizaji.

Chuoni, kizuizi mara nyingi ni tangazo lenyewe: "anatakiwa mpigapicha mwenye uzoefu." Uzoefu aupate wapi, ikiwa kamera haijawahi kumfikia? Andika "tutafundishana Jumamosi" uone watakaojibu. Na usisahau kwamba shule za wasichana nazo hushindana kwenye tamasha la kitaifa la drama na filamu. Waulize waliotoka huko nani alikuwa ameshika nini.

"Wasichana ni shida usiku"

Kila mtu anataka machweo ya ziwani. Jua la Kisumu huzama kabla ya saa moja. Mpaka nyaya zikunjwe ni saa mbili, na Maseno ni zaidi ya kilomita 20. Hapo ndipo mtu hulalamika kwamba afadhali wangekuja wavulana watupu, kana kwamba mvulana aliyepanda boda gizani na kamera ya kuazima mgongoni yuko salama. Shida ni ratiba. Gari la kurudi lilipwe kabla ya chakula, na wazee wa ufukwe waulizwe mapema kuhusu choo na mahali pa kubadilishia nguo.

Lipo jingine ambalo husemwa kwa kunong'ona. Kando ya ziwa hili jaboya inajulikana: mwenye samaki anamtaka mchuuzi alipe kwa mwili. Anayegawa nafasi kwenye filamu naye ana kitu ambacho wengine wanakitaka, hata kama ni mwanafunzi mwenzao. Usaili ufanyike darasani, mchana, mbele ya watu wawili, wala si chumbani kwa mtu. Awepo mpokea malalamiko ambaye si mwongozaji wala rafiki yake wa karibu, na namba yake iandikwe kwenye ratiba ya kila siku, kando ya namba ya dereva.