Kwa nini mkesha wa Taita havuki shamba la mahindi?

Mabawa anayo, na kuruka anajua. Hata hivyo ndege huyu, mkesha wa Taita, akifika ukingoni mwa msitu akakuta shamba la mahindi mbele yake, kwa kawaida hugeuka akarudi gizani. Njiwa angelivuka upesi bila kufikiri. Kwa huyu, shamba ni bahari.

Ni ndege mwenye kichwa na kifua cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa, mbavu za rangi ya kutu na tumbo jeupe. Haishi popote duniani isipokuwa vilima vya Taita, kusini-mashariki mwa Kenya. Vilima hivyo vimechomoza katikati ya nyika kavu ya Tsavo na kunasa ukungu unaotoka Bahari ya Hindi, ndiyo maana huko juu kuna msitu mbichi wakati watu wa Voi, hapo chini, wanaungua na jua. Msitu wenyewe umekatwakatwa. Vimebaki vipande: Mbololo, Ngangao, Chawia na vingine vidogo zaidi. Mbololo, ulio mkubwa kuliko yote, una hekta 200 hivi tu.

Katikati kuna mashamba, nyumba, mikaratusi na misonobari. Utasema mikaratusi nayo ni miti. Ni miti, lakini si msitu. Mkesha hula chini, akipekua majani yaliyooza kwenye udongo wenye unyevu, akitafuta wadudu na matunda yaliyodondoka. Anataka kivuli kizito juu yake na vichaka vya kujifichia. Atokapo nje hana chakula, hana maficho, na mwanga ni mkali kwa ndege aliyezoea giza la chini ya miti tangu alipoanguliwa.

Je, ni woga tu, au nguvu pia hazimtoshi? Kwa mkesha wetu siwezi kuapa, ila kuna jaribio lililofanywa Panama ambalo silisahau. Watafiti waliwachukua ndege wa msituni kwa mashua hadi ziwa la Gatun, wakawaachia umbali wa mita 100, 200 na 300 kutoka nchi kavu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Baadhi ya aina zilifika bila shida. Nyingine zilishindwa hata zile mita 100. Ndege aliyezoea kurukaruka kutoka tawi hadi tawi hana haja ya pumzi ya safari ndefu.

Taita, watafiti wa Kenya na Ubelgiji waliwavisha mikesha pete miguuni ili wajue nani anahamia wapi. Waliohama kutoka kipande kimoja hadi kingine walikuwa wachache mno. Kwa hiyo ndege wa Chawia hupata mwenzi palepale Chawia, msitu mdogo ulioharibiwa zaidi kuliko Ngangao na Mbololo.

Wakati wa kuwashika, watafiti waliwapima pia miguu. Ndege anapokua vizuri, mguu wa kulia na wa kushoto huwa karibu sawa. Akikua kwa taabu, hutofautiana kidogo, tofauti ambayo jicho halioni ila kipimo hukiri. Tofauti hizo zilikuwa kubwa zaidi kwa mikesha wa Chawia.