"Nikimwiga mtu nitapoteza mtindo wangu": dhana zinazonichosha darasani

Jumamosi iliyopita nimeisikia tena. Kijana amekaa kiti cha mbele, kamera mpya shingoni, nailoni ya kioo cha nyuma hajaibandua bado. Nimeonyesha ukutani picha ya Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, na kijana akanyoosha mkono: "Mwalimu, mimi hawa wakubwa sipendi kuwaangalia sana. Naogopa nitaiga, halafu nipoteze mtindo wangu." Nusu ya darasa ikaitikia kwa vichwa.

Nafundisha kupiga picha mwaka wa 11 sasa, na sijapata awamu isiyokuwa na mtu wa sentensi hiyo. Huwa nina swali moja tu: mtindo upi? Nionyeshe. Kijana akafungua simu. Bibi harusi dirishani, shela imetandazwa sakafuni. Mtoto anacheka, taa za nyuma yake zimegeuka maduara. Machweo ya Coco Beach, mtu mmoja mweusi tii katikati. Picha safi, sikatai. Ila ukizichanganya na za wenzake watano waliokaa mstari ule ule, hata yeye mwenyewe hatazitambua. Kumbe kuiga ameshaanza zamani. Anaiga watu mia asiowajua hata majina, waliowaiga wengine mia, na kwa kuwa hawajui anadhani vimetoka kichwani mwake.

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, na Mswahili hakupaswa kuwa nayo kabisa, maana sisi tuna ushairi. Malenga akitupiwa shairi, anapojibu huchukua bahari ile ile, mizani zile zile nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vile vile. Ameshika kila kitu cha mwenzake isipokuwa hoja. Hoja ni yake. Na kadiri alivyobanwa na vina vya mtu mwingine, ndivyo unavyoona ufundi wake. Muyaka bin Haji wa Mombasa alilumbana na washairi wa Lamu, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa kuwajibu alipoteza sauti yake.

Basi darasani kwangu neno "kuiga" tumeliweka kando. Tunasema kujibu. Picha nayo ina vina vyake: mwanga unatoka upande gani, mpiga picha amesimama umbali gani, nyuma ya mtu kuna nini, mikono imewekwa wapi, kitufe kimebonyezwa wakati gani. Hivyo unavishika. Hoja unaileta wewe kutoka kwenu.

Kama ushairi haukukutosha, chukua mfano huu. Martin Munkácsi, Mhungari, alipiga mnamo 1930 picha ya wavulana watatu wakikimbilia majini, imepigwa kutoka nyuma, miili myeusi juu ya povu jeupe. Kwa kawaida hutajwa kuwa ni ya Ziwa Tanganyika. Henri Cartier-Bresson, kijana wa Kifaransa aliyesomea uchoraji, aliiona picha hiyo, na hadi uzeeni alisema ndiyo iliyomtoa nje na kamera. Je, alifunga safari kutafuta wavulana wengine wa kukimbilia majini? Mwaka 1932 alikuwa nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris, akachungulia kwenye uwazi wa uzio wa mbao, akampata mtu mzima anaruka dimbwi. Iangalie vizuri: mwili mweusi, maji meupe, mguu hewani. Vina vya Munkácsi vyote vimo. Lakini kwa wavulana ni furaha tupu, na huyu bwana wa Paris kisigino chake kinakaribia kugusa maji na unajua kabisa kiatu kinaloa. Hilo ni jibu. (Picha hiyo aliipunguza pembeni kwa sababu ya uzio, yeye ambaye hakuwa mtu wa kukata picha. Nawaambia hivyo wale wanaoona haya kukata.)

Sasa sikia sehemu ya pili, ambayo huwa inawanyamazisha. Munkácsi huyo huyo alihamia Marekani akapiga picha za mitindo, na huko mvulana wa New York aitwaye Richard Avedon akakua akizitazama magazetini. Mwaka 1957 Avedon alikuwa tayari na jina kubwa, miaka 34, na bado alikwenda Paris akamrusha mwanamitindo Carmen hewani akiwa na mwavuli, akaiita wazi kabisa picha ya heshima kwa Munkácsi. Hakujificha. Halafu nenda ukaangalie alichofanya kati ya 1979 na 1984 magharibi mwa Marekani: wachimba migodi, vibarua, watu wamesimama wima mbele ya karatasi nyeupe, ndani ya kivuli cha jengo, hakuna anayeruka. Mwalimu mmoja, wanafunzi wawili. Ukiweka picha ya Cartier-Bresson kando ya ya Avedon, mtoto wa darasa la tatu atakwambia hazikupigwa na mtu mmoja. Kama kuiga kunaua mtindo, hawa wawili wangekuwa mapacha.

Nikubali upande mmoja: wapo wanaokwama kwenye nakala. Mwaka juzi niliwapa zoezi la kumjibu Keïta, kijana mmoja akazunguka mji siku mbili akitafuta Vespa ya kuazima, kwa sababu Keïta alikuwa na Vespa. Kwao wana bodaboda mbili zimeegeshwa uani. Vespa ilikuwa ndoto ya vijana wa Bamako miaka ya 1950. Ndoto ya vijana wa Mbagala ni ipi leo? Hapo ndipo alipaswa kuanza.

Zoezi lenyewe nalieleza, maana limenipa picha ninazozipenda kuliko zote nilizowahi kusahihisha. Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948. Alipigia watu uani, kwa mwanga wa jua tu, kwa kamera kubwa ya filamu za sentimita 13 kwa 18. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi mteja alipata fremu moja. Kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitandani kwake, lenye matamvua, na kila baada ya miaka miwili mitatu alikibadilisha, hata baadaye akawa anazijua tarehe za picha zake kwa kutazama kitambaa. Wanawake wanakuja na nguo za maua, nyuma yao kitambaa cha maua, na hawapotei. Kwa nini hawapotei? Hilo ndilo swali la wiki. Masharti: hakuna flashi, hakuna studio, fremu mbili basi.

Binti mmoja wa Temeke alimpiga bibi yake. Fremu ya kwanza ilikuwa saa saba mchana: bibi ametazama mbele moja kwa moja, macho yamekuwa mashimo mawili meusi, kanga ya nyuma inameremeta kuliko uso. Sikumwambia afanye nini. Nilimwambia atafute kivuli cha pua kwenye picha tano za Keïta, anionyeshe kimeangukia wapi. Akarudi nyumbani, akampiga saa tatu asubuhi, bibi amekaa chini ya ukingo wa paa la bati, uso umegeuzwa kidogo kuelekea uwazi wa ua. Shavu moja likang'aa, la pili likazama taratibu, na ghafla maua ya kanga yakarudi nyuma yenyewe. Jibu la swali la wiki ni hilo: mwanga una upande, na uso ndio kitu pekee kisicho na maua.

Ila kulikuwa na jambo ambalo Keïta hakuwa nalo. Kanga ina jina. Binti alitaka kuikunja maneno yasionekane, kwa kuwa kwa Keïta hakuna maandishi. Bibi akakataa katakata: kanga isiyosomeka jina ni tambara. Akaingia ndani akatoka na nyingine aliyoichagua mwenyewe, akasimamia itundikwe juu, maneno yapite juu ya kichwa na si nyuma ya shingo. MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Anawatazama nyie mnaomtazama, mdomo kaufunga. Sijui anamsema nani na sikuuliza. Nionyeshe picha ya Bamako inayofanana na hiyo.

Dhana hizi nyingine nazipitia haraka, kwa sababu hazinipandishi presha kiasi hicho.

"Ningekuwa na kamera kama yake." Cartier-Bresson alitumia Leica ndogo na mara nyingi lenzi ya milimita 50. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana zaidi, kama milimita 24 hadi 28 kwa kipimo hicho hicho, ndiyo maana ukimjibu kwa simu watu wanakuwa wadogo na barabara inakuwa kubwa. Bonyeza 2×, utakaribia macho yake. Umeokoa milioni kadhaa, usinishukuru.

"Nimenunua priseti zake, sasa nina mtindo wake." Priseti, yaani mpangilio wa rangi ulioandaliwa tayari unaoubonyeza wakati wa kuhariri, inapaka rangi juu ya mwanga uliokwisha kuingia. Kama jua lilikuwa utosini, priseti itakupa jua la utosini lenye rangi ya chungwa. Mtu akiniletea picha ya priseti namwomba kwanza aigeuze nyeusi na nyeupe. Ikibaki na kitu, tunaendelea kuzungumza.

"Nyeusi na nyeupe inaficha makosa." Inaficha kosa la rangi, na kosa la mwanga inaliweka jukwaani. Mtu mwenye ngozi nyeusi na suti nyeusi mbele ya ukuta wa kahawia: kwenye rangi vinaachana, ukiondoa rangi vyote vitatu vinakuwa uji mmoja. Avedon hakuweka karatasi nyeupe kwa mapambo.

"Wakubwa wote ni Wazungu, mazingira yao si yetu." Hii naisikia kwa watu waliopita Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, mara ishirini bila kuingia Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaiendeleza. Nenda ukasimame mbele ya zile picha za kuta na majahazi uone mtu alivyolijua jua la saa kumi jioni la Unguja. Kisha uje unieleze mazingira.

"Kumjibu mtu ni wizi." Hakimiliki inalinda picha yenyewe, hailindi mtindo wala wazo. Mwanga wa dirishani hauna mwenyewe. Kuitengeneza upya picha ya mtu pozi kwa pozi, ukaiuza kama yako, hapo ndipo unapojitafutia kesi. Mpiga picha Samuel Fosso, aliyefungua studio Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13, mwaka 2008 alijigeuza mwenyewe kuwa watu wa picha maarufu: Malcolm X, Angela Davis, hata Muhammad Ali aliyechomwa mishale kama alivyokuwa kwenye jalada la gazeti la Esquire la 1968. Kila mtu anaona zimetoka wapi, na mwili ni wa Fosso. Wewe andika chini ya picha yako umemjibu nani. Herufi chache tu, na heshima inabaki kwenu wote wawili.

"Naangalia picha mia tatu kila siku kwenye simu, najifunza." Hujifunzi, unapangusa kioo. Ushauri wangu ambao wanafunzi wanauchukia ni huu: chagua picha moja, nenda steshenari ukaichapishe kwa karatasi ya kawaida, hata kama inatoka na mistari, ibandike mkabala na mto unaolalia. Wiki nzima. Siku ya kwanza chora kwa penseli jua lilikuwa wapi. Siku ya pili pima kwa hatua mpiga picha alisimama wapi. Siku ya tatu ifunike nusu kwa kiganja uone nusu iliyobaki inasimama au inaanguka. Ikifika ya tano utakuwa umeichoka, na kuanzia hapo ndipo unapoanza kuona vitu ambavyo mpiga picha hakutaka uvione haraka.

Yule kijana wa kamera mpya nimempa Malick Sidibé, mpiga picha mwingine wa Bamako, ile picha ya mkesha wa Krismasi wa 1963: kijana wa suti nyeupe na msichana aliye pekupeku wanacheza, vichwa vinakaribia kugusana, flashi imewapiga usoni. Nikamwambia ajibu kwenye sendofu yoyote, aende na flashi yake pale pale juu ya kamera, ile ile anayoiogopa kwamba inaharibu ngozi. Jumatatu usiku akanitumia ujumbe: "Mwalimu, naweza kubadilishiwa nipewe anayepiga picha za rangi?"

Nimemjibu hapana. Sendofu ya binamu yake ni Ijumaa.