Zoezi la Uokozi Baharini Lisilolowesha Mtu

Saa 4 asubuhi ujumbe mmoja unafika kwa wakati mmoja bandari ya Malindi hapa Unguja, Mkoani na Wete kule Pemba, na Dar es Salaam: "HILI NI ZOEZI. Mvuvi amepiga simu. Ameiona boti ya abiria imelala ubavu, kaskazini ya mnara wa taa wa Nungwi. Watu wamo majini." Washiriki wako ofisini kwao, mwengine chai yake haijapoa. Baada ya dakika kumi utawaona kwenye skrini wameshaanza kujifuta jasho, maana swali la kwanza limewashinda: nani anampigia nani?

Zoezi la namna hii ni lile la mezani, ambapo maofisa huzunguka meza na ramani wakajadili ajali ya kubuni, ila hapa meza imehamia mtandaoni. Wengi walilizoea mwaka 2020, corona ilipozuia safari na mikusanyiko. Kwetu visiwani lina faida ya ziada. Kuwaleta Unguja maofisa wa Pemba kwa siku mbili ni nauli, malazi na posho, na zaidi ya hayo ni kuwaondoa kwenye zamu watu wale wale tunaowategemea bahari ikichafuka.

Sina haja ya kueleza sana kwa nini tunajisumbua. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, imepakia watu kupita uwezo wake. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Ajali kama hizo huwagusa wengi kwa mpigo: Mamlaka ya Usafiri Baharini, KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), Shirika la Bandari, Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, polisi, hospitali, na kituo cha Dar es Salaam kinachoratibu utafutaji na uokozi. Kila mmoja anaweza kuwa hodari kwa kazi yake, na bado watu wakapotea katika ile nafasi iliyopo baina ya simu moja na nyengine.

Nafasi hiyo ina hesabu yake. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huzidi nguvu. Tuseme unakwenda noti 2 tu. Mtu aliyeshikilia boya atakuwa amesogea maili 2 za baharini kwa saa moja, karibu kilomita 4. Ofisi zikizungushana kwa saa tatu, yuko kilomita 11 kutoka pale alipoonekana, na eneo la kumtafuta limetanuka kila upande. Boti iendayo kasi haiwezi kurudisha muda uliopotea mezani.

Kosa lililonifundisha zaidi lilitokea katika zoezi moja nililosimamia. Ujumbe ulisema ajali iko nyuzi 5 na dakika 43 kusini. Ofisa mmoja akaandika 5.43 na kuupeleka mbele. Aliyepokea akaisoma kama desimali ya nyuzi. Waliosoma jiografia wanajua kwamba dakika 43 ni kama nyuzi 0.72, si 0.43, kwani nyuzi moja ina dakika 60. Tofauti yake ni maili 17 za baharini, zaidi ya kilomita 30, na chombo cha kubuni kikatumwa kutafuta watu mahali pasipo na mtu. Hakuna aliyeligundua kwa dakika ishirini. Kwenye zoezi la boti za kweli kosa hilo lisingetokea, kwa sababu huko kila mmoja huwa ameshaonyeshwa pa kwenda. Tangu siku hiyo, anayepokea mahali pa ajali hupasoma tena kwa sauti, na mvuvi huulizwa alama za nchi kavu: mnara unauonaje, Tumbatu iko upande gani wako?

Kuliendesha kunataka nidhamu. Kila ujumbe huanza na maneno "hili ni zoezi", na hakuna anayegusa chaneli 16 ya simu ya upepo, kwani hiyo ni ya wenye shida ya kweli. Picha ya skrini ikivuja bila maneno yale, kabla ya adhuhuri Pemba nzima inalia. Pia wapo watazamaji wasiosema kitu, kazi yao ni saa na kalamu: ujumbe umefika saa ngapi, uamuzi umetolewa saa ngapi, na nani.

Adui mkubwa ni mshiriki aliyezima kamera huku akitia saini barua zake. Dawa niliyoiona inafaa ni kumtumia yeye peke yake taarifa ambayo wengine wote wanaihitaji, kisha kungoja.

Jengine ni kukata intaneti makusudi katikati ya zoezi. Wapo wanaolalamika, lakini tuliokuwepo Unguja tunakumbuka miezi mitatu ya giza umeme ulipokatika, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mtandao ukikatwa ndipo inapojulikana namba zipi kwenye orodha ya dharura ni za watu waliokwishastaafu.

Kuna yasiyowezekana mtandaoni. Mkataba wa SOLAS wa 1974, ule wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unazitaka meli za abiria zilizo chini yake zifanye mazoezi ya moto na ya kuacha meli kila wiki, na hayo hayafanyiki kwa kompyuta. Kamba iliyooza itajulikana pale tu boti ya kuokolea inaposhushwa.

Sehemu inayochosha kuliko zote huiweka mwisho. Mmoja wetu anakuwa mama wa Wete anayepiga simu kumuulizia mwanawe. Ofisa anafungua orodha ya abiria, jina halimo. Tiketi ilikatwa kwa jina la jirani, au mtoto hakuandikwa kabisa. Mama anapiga tena, na tena. Kwa hiyo ukikata tiketi Malindi au Mkoani, taja jina lako kamili na majina ya watoto unaosafiri nao, hata karani akikwambia si lazima.