Uhalifu wa chuki maana yake nini hasa, na uhuru wa kuongea unaishia wapi

Juzi nimepanda Hiace pale Mwandiga naenda mjini Kigoma, gari limejaa, mama mmoja kakaa na dumu lake la mawese katikati ya miguu, wakaanza kuvutana na konda kuhusu chenji. Mama Kiswahili chake kina lafudhi nzito, konda akaona hapo ndo pa kumshikia, akamrushia "nyie Warundi mna shida sana, rudini kwenu". Gari likanyamaza afu likalipuka. Mzee mmoja mbele akamwambia kijana hilo neno lako ni kosa unaweza kufungwa, konda akajibu "mzee wangu kwani nimemgusa? Mdomo wangu, nchi huru". Nyuma huko kuna jamaa akadakia kwamba ungekuwa Ulaya au Marekani saa hizi umeshakula miaka.

Mi nikakaa kimya lakini kichwa kikawa kinazunguka, maana wote watatu walikuwa na kaukweli, na wote walikuwa wamechanganya mambo mawili ambayo watu wengi wanayachanganya. Uhalifu wa chuki na maneno ya chuki sio kitu kimoja.

Uhalifu wa chuki ni kosa ambalo lipo tayari kwenye sheria hata bila chuki. Kupiga mtu ni kosa, kuchoma nyumba ni kosa, kutishia kuua ni kosa. Kinachoongezeka ni sababu ya kumchagua huyo uliyemfanyia: umempiga kwa sababu ya rangi yake, dini yake, kabila lake, alikotoka, au ulemavu wake. Nchi zenye sheria hizi zinasema basi kosa ni lile lile ila adhabu inapanda. Maneno ya chuki yenyewe ni mdomo tu, hujamgusa mtu, na swali linakuwa je, kuyasema kwenyewe kuwe ni kosa au la.

Sasa turudi kwenye Hiace, tuseme (tuseme tu, hakumgusa) konda angemsukuma yule mama akaanguka akavunjika mkono. Kama kamsukuma kwa hasira ya chenji, hilo ni shambulio. Kama kamsukuma kwa sababu anaamini ni Mrundi na Warundi hawatakiwi kwenye gari lake, mkono umevunjika vile vile, maumivu yale yale, lakini hapo ndo penye uhalifu wa chuki. Na utajuaje ni ipi? Mara nyingi kwa alichosema. Hapa ndo mkanganyiko wote unapoanzia, manake ukisema maneno ni huru, afu maneno hayo hayo yakaletwa mahakamani yakamwongezea mtu miaka, si umemfunga kwa maneno?

Swali hilo lilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Wisconsin dhidi ya Mitchell. Mwaka 1989 kwenye mji wa Kenosha, jimbo la Wisconsin, kundi la vijana weusi walikuwa wanajadili kipande cha filamu ambapo mzungu anampiga mtoto mweusi aliyekuwa anasali. Mmoja wao, Mitchell, akawauliza wenzake kama wamepandisha mzuka wa kuvamia wazungu, akapita kijana mzungu wa miaka 14 upande wa pili wa barabara, hana habari na yeyote, akawaonyesha wamfuate. Walimpiga mpaka akakaa siku nne hajitambui. Kosa lenyewe mwisho wake ulikuwa miaka 2 jela, lakini kwa kuwa mwathirika alichaguliwa kwa rangi, sheria ya jimbo ilipandisha mwisho huo mpaka miaka 7, na Mitchell akapewa 4.

Akakata rufaa, hoja yake ikawa mnaniadhibu kwa mawazo yangu, na mahakama ya juu ya jimbo ikamkubalia! Ila mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya nchi nzima ikaigeuza, majaji wote tisa upande mmoja bila hata mmoja kupinga, na pale majaji kukubaliana wote kwenye jambo la namna hii sio kila siku. Walisema Mitchell hakuadhibiwa kwa kuwachukia wazungu, angeweza kuwachukia mpaka anazeeka na hakuna polisi angemgonga mlango. Kaadhibiwa kwa kumpiga mtu aliyemchagua kwa rangi, na maneno yake yaliletwa kama ushahidi wa kwa nini alimchagua. Ni kama mwenye nyumba, moyoni anaweza kutopenda watu wa dini fulani hiyo ni shida yake na Mungu wake, lakini akimtoa mpangaji nje kwa sababu ya dini, huko ameshatoka kwenye mawazo kaingia kwenye kutenda.

Kinachonoga ni kwamba mwaka mmoja tu kabla ya hapo, 1992, mahakama hiyo hiyo ilitupa sheria ya mji wa St. Paul iliyokuwa inakataza kuweka alama za kuudhi watu kwa rangi au dini. Vijana walikuwa wamechoma msalaba usiku ndani ya uwanja wa nyumba ya familia ya weusi, na ukijua historia ya kuchoma misalaba kule Marekani utaelewa hiyo ni salamu ya kifo. Majaji hawakusema kitendo kile ni sawa, walisema mji ungeweza kuwashtaki kwa kuchoma moto kwenye eneo la mtu au kwa vitisho, lakini sheria inayochagua mada gani za kuudhi zikatazwe na zipi ziachwe, hiyo inagusa kauli yenyewe. Mi ukiniuliza, mstari huo ni mwembamba sana, mwembamba kuliko majaji wanavyotaka tuamini.

Halafu mwaka 2000 ikaja nyingine ya kukaza nati. Jamaa wa New Jersey alipiga risasi kwenye nyumba ya familia ya weusi waliohamia mtaani kwake, kosa mwisho wake miaka 10, jaji akampa 12 kwa kusema ilikuwa ni chuki. Mahakama ya Juu ikakataa: kama hiyo chuki ndo inavusha adhabu juu ya kiwango cha kosa, basi ithibitishwe mbele ya juri, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, bila kuacha shaka, sio jaji apime peke yake aone upande upi umeelemea.

Sasa mtu atauliza kwani lini sheria ilianza kujali sababu, si inajali nia tu? Ni kweli, nia na sababu ni vitu viwili. Nia ni kwamba ulikusudia kupiga, sababu ni kwa nini ulikusudia. Kumtia mtu hatiani mara nyingi nia inatosha. Lakini adhabu siku zote imekuwa inaangalia sababu, nenda mahakama yoyote hapa Kigoma au Tabora siku ya hukumu utasikia mwenyewe: mshitakiwa anaomba apunguziwe, ni kosa lake la kwanza, ana wazazi na watoto wanamtegemea, shetani alimpitia. Upande wa mashtaka unasimama unaomba adhabu kali iwe fundisho kwa wengine. Aliyeiba kwa njaa na aliyeiba ili akanywee hawapimwi sawa hata kama walichoiba ni kuku yule yule, kwa iyo kuingiza chuki kwenye mizani hiyo sio uchawi mpya.

Waingereza wameenda mbali zaidi, na mi naona kesi yao moja imekaa kama imetokea kwenye Hiace yetu. Sheria yao ya 1998 inasema shambulio la kawaida mwisho ni miezi 6, likiwa na ubaguzi wa rangi ni miaka 2. Na haidai lazima chuki iwe ndo sababu iliyokutoa nyumbani, ukionyesha uadui wa namna hiyo wakati unatenda kosa inatosha. Mwaka 2007 iliwafikia majaji wao wa juu kesi ya bwana mmoja aliyekuwa kwenye kibajaji cha walemavu, alikutana na wanawake wa Kispania akawatukana "wageni" akawaambia warudi kwao, afu akawafukuza na hicho kibajaji mpaka kwenye mgahawa. Utetezi ukawa wageni sio kabila wala sio rangi. Majaji wakasema hapana, sheria inalinda hata anayebaguliwa kwa kile ambacho hana, yaani kwa kutokuwa wa hapa.

Wapo wanaopinga sheria hizi na sio wote ni wabaguzi. Wanasema mtu akiwa kwenye ugomvi mdomo unatoa chochote kilicho karibu, mwenye kipara ataitwa kipara, Muha ataitwa Mrundi, sasa utajuaje kama ni chuki au ni hasira tu imeokota jiwe la kwanza? Hoja hii naiheshimu, hasa kwetu ambako kuna utani. Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kutukanana mpaka msibani mgeni akadhani watauana, kumbe ni watani toka enzi za misafara ya kwenda pwani. Ukichukua maneno yale ukayaandika kwenye hati ya mashtaka bila kujua nani alimwambia nani, utajaza magereza na watu wanaopendana.

Kwetu Tanzania, Kanuni ya Adhabu haina kifungu kinachosema kosa hili likifanywa kwa chuki ongeza miaka kadhaa. Konda angemvunja mama yule mkono, shtaka lingekuwa shambulio la kudhuru mwili ambalo mwisho wake ni miaka 5, au kujeruhi vibaya ambalo ni zaidi, na hayo maneno yake hakimu angeyaangalia kama mambo yanayoongeza uzito, au asiyaangalie, kutegemea na kilicholetwa mbele yake. Kwa upande wa maneno peke yake sheria zipo. Katiba ibara ya 18 inatoa uhuru wa maoni, ibara ya 30 inasema haki yako usiitumie kuvuruga haki za wengine au maslahi ya umma. Lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani ni kosa, kusema kitu kwa kukusudia kuumiza imani ya dini ya mtu ni kosa. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtusi mtu kwa rangi, taifa, kabila au dini kupitia kompyuta, na simu yako imo humo. Kwa iyo konda neno lile lile angeliandika kwenye grupu la wasapu angekuwa kwenye sheria nyingine kabisa kuliko kulisema mlangoni mwa Hiace.

Sasa kuna jambo moja linanifanya nione neno "chuki" lenyewe linapotosha. Mauaji ya watu wenye ualbino. Pale Kabanga, Kasulu, kuna kituo kilichohifadhi watoto wenye ualbino kwa sababu majumbani hawakuwa salama, na anayemkata mtoto kiungo akauze kwa mganga pengine hamchukii hata kidogo, anataka hela. Lakini kamchagua kwa sababu ya ngozi yake. Ukisema lazima kuwe na chuki moyoni, huyu anakuponyoka, ndo maana sheria ya Wisconsin haikuuliza ulichukia kiasi gani, iliuliza ulimchaguaje. Ila pia ona ukomo wa kuongeza adhabu: mwaka 2009 Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino, na kwa kuua kwa makusudi sheria yetu haina adhabu nyingine zaidi ya hiyo, utaongeza nini juu yake? Nyongeza ina maana kwenye makosa ya chini, vitisho, kipigo, kuvunja mlango, yale ambayo bibi mwenye macho mekundu anayedhaniwa mchawi kule Nzega anafanyiwa mwanzo, kabla watu hawajaja na panga.

Yapo pia maneno ambayo sio ushahidi wa kosa, yenyewe ndo kosa. Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Rwanda mwaka 1993, ikawaita Watutsi mende, na 1994 ikawa inataja watu kwa majina na walipo. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa pale Arusha iliwatia hatiani waliokuwa nyuma ya redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti, na kuchochea watu wazi wazi wafanye mauaji ya kimbari ni kosa hata kama mchochezi hajashika panga. Hata Wamarekani ambao mdomo wao ni huru kuliko wote, toka 1969 wanasema unaweza kufungwa kwa maneno yanayolenga kusukuma watu wavunje sheria hapo hapo, na yana uwezekano wa kuwasukuma kweli.

Na "rudini kwenu" ukanda huu sio neno jepesi. Warundi walianza kuvuka kwa wingi 1972, wengine wakapelekwa Ulyankulu kule Tabora, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo walipewa uraia. Kwao ni hapa. Waha nao Kiha chao na Kirundi vinaelewana, kwa hiyo sikio la mtu wa mbali halitofautishi.

Basi gari likafika mjini, mama akashusha dumu lake, yule mzee akamuuliza kwa upole, "mama, kwenu hasa ni wapi?" Akasema Manyovu, amezaliwa upande wa huku, na baba yake pia. Konda akacheka akasema "aah samahani mama, nilijua Mrundi". Yaani kaomba msamaha wa kukosea kabila tu. Kwa sheria ile ya Waingereza utetezi huo haumwokoi mtu, inamhesabu mwathirika kuwa wa kundi lile ambalo mkosaji alidhania ni lake. Mama hakumjibu, alinyoosha mkono akadai chenji yake.