Je, intaneti imeua undugu?

Hapa Moshi, vikao vya ukoo vya Desemba havimaliziki bila mzee kusema intaneti imeua undugu. Dai hilo liliwahi kuwa na ushahidi. Mwaka 1998 Robert Kraut na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 169 waliofuatiliwa tangu waanze kutumia intaneti nyumbani: waliozidisha matumizi walipunguza maongezi na familia, upweke ukaongezeka. Habari ikaenea.

Kilichosikika kidogo ni kwamba Kraut aliwarudia watu hao, na mwaka 2002 akaripoti kuwa madhara yale kwa sehemu kubwa yalikuwa yametoweka. Katika kundi jipya aliona jambo la maana zaidi: wachangamfu walinufaika, upweke wao ukapungua, wakimya, kinyume chake, upweke ukazidi.

Kwa hiyo intaneti haimtendei kila mtu sawa. Kijana aliyeko Dar, mwenye mazoea na shangazi zake wa Marangu, hutuma mchango wa msiba na kuuliza hali kupitia kundi la WhatsApp. Anayenitia wasiwasi ni yule mkimya aliyejifungia chumbani, ambaye tunaishia kumnyang'anya simu bila kumuuliza ana nini.